Waziri wa Mabega Aonja Dawa Yake

Kifuniko cha sufuria kilianza kugonga kabla ya jogoo. Kilikuwa kinagonga kidogo kidogo, kama mtu anayebisha hodi huku anaogopa kufunguliwa. Nilijua ni Semeni, mjukuu wangu, ameamka mapema kunichemshia maji ili nisije nikainama mimi. Ni mtoto mwenye huruma. Lakini kifuniko kilichoshikwa na mkono mzima hakigongigongi hivyo. Mwisho kikaanguka sakafuni, kikazunguka, kikatulia, na baada yake sikusikia kitu. Hata kuguna hakuguna. Wakati ule, katika nchi yetu, kuguna baada ya kudungwa sindano ya serikali lilikuwa kosa.

"Semeni," nikaita, "vidole vimekufa ganzi tena?"

"Havijafa, Bibi," akajibu kutoka jikoni. "Vimepata mafanikio ya pembeni."

Akacheka. Mimi sikucheka. Watu husema bibi mzee huamka na dua mdomoni. Asubuhi ile niliamka na jina la mtu.

*

Nchi yetu inaitwa Mabegani. Usiitafute kwenye ramani, maana ramani yetu imekunjwa na kiongozi mmoja ameikalia. Ni nchi nzuri, ina mvua ya kutosha, na viongozi wake hawakanyagi chini.

Inasemekana kiongozi wetu wa kwanza alichomwa na mwiba akienda kupandisha bendera. Ikaundwa kamati ya kuuchunguza ule mwiba. Kamati ilikaa muda mrefu sana, ikala vizuri, kisha ikapendekeza kwamba viongozi wasitembee tena kwa miguu yao. Tangu hapo kila kiongozi ana kiti chenye miti miwili mirefu, na kila kiti kina vijana wa kukibeba. Kuchaguliwa kuwa mbebaji ni heshima. Semeni alichaguliwa kwa sababu alirithi mabega mapana ya baba yake, Mungu amrehemu, na moyo wa kutojua kukataa.

Mwanzoni viti vilikuwa viti tu. Baadaye vikaongezwa mikono ya kuegemea. Ukaongezwa mwavuli, ikaongezwa feni, likaongezwa jokofu dogo la soda, na mwisho kikafungwa nyuma kiti kingine cha mshauri, kwa kuwa kiongozi hawezi kukaa juu peke yake bila mtu wa kukubaliana naye. Na viongozi wenyewe, nasema kwa heshima, hawakuwa wakipungua.

Mabega ya vijana yakaanza kuchanika. La Semeni lilichanika njiani, wamembeba Mheshimiwa Lukumbi kwenda kufungua choo cha soko. Aliniambia alisikia mlio kama kanga mpya inapopasuliwa vipande viwili. Hakukiachia kiti. Aliogopa mheshimiwa asije akaumia.

Muuguzi wa zahanati yetu, Tunu, alimpapasa bega kwa mikono miwili. Tunu ana tabia moja ninayoipenda: husugua viganja vyake vipate joto kabla ya kumgusa mgonjwa.

"Ni kano," alisema. "Imechanika, haijakatika. Apumzike, nitamwonyesha mazoezi ya kufanya polepole. Kano haina haraka, Bibi. Ukiipa muda inapona."

Kila mbebaji aliyekwenda zahanati alirudi na jibu hilo hilo: apumzike. Habari zikafika Baraza. Wakubwa walishtuka sana. Wabebaji wakipumzika, nani atawabeba? Kijana mmoja wa ofisi ya Baraza akasimama akauliza kama isingewezekana waheshimiwa watembee kidogo kidogo mpaka vijana wapone. Huyo kijana sasa ni balozi wetu katika nchi ambayo bado haijapatikana.

Siku hiyo hiyo ikaundwa Wizara ya Mabega, na waziri wake akawa Mheshimiwa Lukumbi, kwa kuwa hakuna aliyekuwa ameyatumia mabega kumzidi.

*

Dawa ililetwa ndani ya visanduku vya karatasi ngumu. Tuliitwa uwanjani kuelimishwa. Profesa Tumbika, mshauri wa wizara, alizungumza kutoka kile kiti cha nyuma.

"Peptidi," alisema, "ni vipande vidogo vya protini. Protini ni kama mkufu mrefu wa shanga. Peptidi ni shanga chache zilizokatwa kutoka humo. Zikiingia mwilini zinaiamuru kano ijishone. Na kano ya raia mwema, kwa sababu ina nidhamu, inajishona."

Mzee mmoja aliyekuwa karibu nami akauliza zimejaribiwa kwa nani.

"Kwa panya."

"Na panya walisemaje?"

"Hawakuleta malalamiko yoyote."

Tunu alikuwa amekwisha kukishika kichupa kimoja, anakisoma. Akasoma kwa sauti, kwa upole, kama anayesoma jina la mgonjwa anayefuata. "Kwa utafiti tu. Isitumike kwa binadamu."

Profesa akavua miwani, akaifuta.

"Dada Tunu, jambo hilo tumelizingatia. Kisheria, wabebaji wa viti wamesajiliwa pamoja na vyombo vya usafiri."

Watu wakapiga makofi, kwa sababu kwenye ratiba mahali pale palikuwa pa makofi.

Tunu akauliza tena dawa itahifadhiwa wapi, maana inataka baridi. Profesa akatazama lile jokofu la kwenye kiti. Mheshimiwa Lukumbi naye akalitazama, akakumbuka soda zake. Visanduku vikawekwa barazani pa wizara, upande ambao jua hufika asubuhi na kuondoka jioni.

Kisha sheria ikasomwa. Aliyedungwa amepona. Aliyepona hana maumivu. Aliyepona haambiwi pole, anaambiwa hongera. Neno madhara lisitumike tena, badala yake tuseme mafanikio ya pembeni. Na kwa kuwa Hospitali Kuu ni ya wagonjwa, waliopona wasiende kuwabana wagonjwa.

Semeni alidungwa kila asubuhi kwa wiki nzima. Tunu hakutaka kudunga, lakini alisema asipodunga yeye ataletwa mtu mwingine ambaye hapashi mikono joto. Nilimshukuru kwa hilo, na hata leo namshukuru.

Mafanikio yakaja. Kwanza uso ulijaa maji, macho yakawa madogo. Ikaja njaa: mtoto anakula, anamaliza, anatazama mwiko. Ikafuata ganzi ya vidole, ndiyo hiyo ya kifuniko. Mwisho, pale pale penye sindano, ukatokea uvimbe wa moto kama jiwe lililotolewa jikoni. Kano yenyewe ilikuwa imechanika vile vile kama mwanzo.

Nikamfunga mkono kwa kanga, nikampeleka Hospitali Kuu. Mlinzi wa geti akatutazama wote wawili.

"Amedungwa?"

"Amedungwa, mwanangu."

"Basi amepona, mama. Hongera."

Akatupa kigoda chake tukae, akampa Semeni maji ya chupa yake mwenyewe. Alipoinama kuichukua chupa akaninong'oneza, "Mama, ingekuwa shauri yangu ningefungua. Lakini nami nina bibi yangu nyumbani."

Sikumlaumu. Mtu aliyekupa kigoda hawi adui yako. Yupo aliyekipeleka kile kigoda nje ya geti, na huyo nilikwisha kumjua.

Tuliporudi zahanati, Tunu alilibonyeza lile jipu kandokando, akakunja uso. "Usaha umekwenda chini, Bibi. Mimi hapa nina vidonge na maji ya moto tu. Linataka kupasuliwa na kusafishwa ndani, hospitali. Akikaa nalo hivi, mkono unaweza kwenda. Na sumu ikiingia kwenye damu…" Hakumaliza. Akamfunika Semeni shuka mpaka kidevuni, ingawa kulikuwa na joto.

Siku ya Mabega, sikukuu yetu ya kila mwaka, ilikuwa imekaribia, na Semeni alikuwa kwenye zamu ya kubeba, mbele kushoto.

"Bibi, usihangaike," akaniambia.

"Sihangaiki," nikamjibu. "Naloweka ulezi wa togwa."

*

Sasa nieleze mila yetu, maana hapa ndipo penye jambo lenyewe.

Mabegani, anayetoa huonja kwanza. Ukimpa mtu uji, togwa, hata kipande cha muhogo, unaonja wewe kabla yake. Na kikombe cha kuonja hukichagui wewe mtoaji. Anakichagua anayepewa, ili usijitengee kisafi. Tena unaonja kadiri ile ile utakayompa. Akikataa mtu kuonja alichokitoa, watu humrudishia zawadi yake mlangoni na kuimwaga hapo, na kuanzia siku hiyo hakuna mkono unaopokea kitu kutoka kwake, hata salamu. Viongozi wetu wamevunja mengi, lakini hili hawajaligusa. Wanaogopa salamu zao zisije zikabaki hewani.

Mimi ndiye ninayepika togwa ya Siku ya Mabega. Nimeipika tangu enzi ya viti vyepesi. Kila mwaka namimina, mheshimiwa anachagua kikombe, naonja mbele ya watu, naye ndipo anakunywa. Hakuna aliyenitilia maanani. Bibi wa togwa ni kama mtungi wa togwa.

Mwaka ule Mheshimiwa Lukumbi aliingia uwanjani juu ya kiti, feni inazunguka. Mbele kushoto nilimwona mjukuu wangu. Amehamishia mti bega la kulia, shingo imepinda, jasho linamtiririka na midomo imekauka. Nilihesabu hatua zake moyoni, nikaacha kuhesabu.

"Ndugu wananchi," mheshimiwa akaanza, "bega ni nini? Wako wanaosema bega ni nyama. Wako wanaosema bega ni mfupa. Serikali yenu inasema bega ni mahali taifa linapokaa." Akangoja makofi, yakaja. "Na leo taifa limekaa vizuri. Mabega yote yamepona. Kwa furaha hiyo, nawaletea wabebaji wetu zawadi. Zawadi kutoka kwangu mimi mwenyewe: duru ya pili ya sindano."

Visanduku vikaletwa kutoka barazani, rangi yake imepauka kwa jua.

Nikamsogelea na togwa. Mheshimiwa akanyoosha kidole kwenye kikombe, nikakinywa chote. Naye akanywa chake, akafuta mdomo.

"Asante, mama. Togwa yako haijawahi kunitupa."

"Nashukuru, mheshimiwa. Mimi changu nimekionja. Sasa na wewe uonje chako, wajukuu zangu wakipokee kwa moyo mweupe."

Akacheka, tumbo likacheka naye. "Mama, mimi siumwi bega."

"Hata mimi sikuwa na kiu."

Wale wa mbele waliosikia wakawaambia wa nyuma. Nikasikia maneno yangu yakitembea uwanjani kama upepo kwenye mahindi. Profesa akainama kumnong'oneza waziri, akasahau kuwa kipaza sauti kiko wazi.

"Mheshimiwa, haiwezekani, imeandikwa…"

"Imeandikwaje, Profesa?" nikamuuliza. Niliuliza vizuri tu, kama mtu asiyejua kusoma.

Akanitazama. Akautazama uwanja. "Imeandikwa," akasema, "kwa hati nzuri."

Mheshimiwa Lukumbi alikuwa amenasa, na alijua. Angekataa, zawadi yake ingemwagwa mlangoni kwake kabla ya jua kuzama. Angesema kwa nini anakataa, ingebidi aseme yeye ni nani na wale wanaombeba ni nani. Akatabasamu kwa meno yote, akakunja mkono wa shati.

Kikombe huchaguliwa na mpewaji. Semeni akaletwa kuchagua. Kwa huruma yake angechukua kichupa cha juu juu, namjua. Nikamshika kiwiko kama ninayemsaidia kusimama, nikauongoza mkono wake chini kabisa ya kisanduku, upande uliokuwa ukitazama jua. Tukatoa kimoja. Nasema hili bila kuzunguka: nilikuwa namwombea mabaya, na nilimwombea kwa mkono wangu.

Tunu akasugua viganja vikapata joto, akamdunga. Mkono wa Tunu haubagui.

"Tayari," mheshimiwa akasema. "Nimeonja."

"Umeanza, mheshimiwa," nikamwambia. "Wenzako walipewa kila asubuhi kwa wiki nzima. Mtu haonji nusu kikombe."

*

Basi kila asubuhi watu walikusanyika nje ya nyumba ya waziri kumtazama akionja. Walibeba na viti vya kukalia. Wauza vitumbua wakasogea. Na kwa kuwa mila yetu haimruhusu mtu kumwinua mwonjaji mpaka amalize, wiki hiyo hakubebwa. Semeni akapata kulala. Tunu akawa anakuja kumkanda kwa maji ya moto na kumpa vidonge, lakini homa ilikuwa inapanda juu ya vidonge.

Redio ya taifa ilitupa habari. Siku ya kwanza: mheshimiwa anaendelea vizuri. Baadaye: mheshimiwa anapata mafanikio ya pembeni kwa kasi inayoridhisha. Uso na vidole vilimjaa maji mpaka pete zikakatwa kwa msumeno. Akala chakula cha mchana cha wizara nzima, kisha akaonekana akiyatazama maua ya mezani. Akisoma hotuba, karatasi ilimponyoka vidoleni kwa ganzi, naye akaendelea kuzungumza bila kujua hana kitu mkononi. Mwisho wa wiki redio ikapiga muziki tu.

Nilipata kwa wengine kilichotokea baadaye. Lilimtoka jipu begani, kubwa, akashindwa kuegemea kiti. Akaamua kwenda Hospitali Kuu kwa miguu. Watu walitokeza madirishani kuona. Walisema soli za viatu vyake zilikuwa safi kama siku alipovinunua, na alikuwa anakanyaga kwa wasiwasi kama anayevuka mto.

Mlinzi wa geti alimpigia saluti. "Umedungwa, mheshimiwa?"

"Wewe hunijui? Mimi ndiye waziri."

"Nakujua, mheshimiwa. Umedungwa. Basi hongera."

Akampa kile kigoda. Mlinzi yule ni mtu mwema, nimekwisha kusema.

Waheshimiwa wenzake waliona aibu. Waziri mgonjwa ni waziri anayejipinga. Wakamrudisha nyumbani, wakampigia ngoma ya kupona chini ya dirisha siku nzima, wakamwomba kwa jina la taifa asigune. Jioni wakaondoka, hakuna aliyerudi.

Nikapika uji.

*

Nilimkuta amelala kifudifudi kitandani, peke yake. Watumishi walikuwa wamekwenda kwa waheshimiwa wazima. Karibu na kichwa chake palikuwa na kipaza sauti kilichounganishwa na vile vipaza vya juu ya paa, alivyovitumia kututangazia kila alfajiri kwamba Mabegani imepona.

"Hongera, mheshimiwa," nikasema.

"Usiniambie hongera."

"Niseme lipi? Lile lingine umelikataza."

Nikaonja uji, nikampa kijiko. Alikula kama mtoto aliyeachishwa ziwa.

"Yanapwita?" nikamuuliza. "Hayo mafanikio?"

"Yanapwita sana, mama."

"Mjukuu wangu naye yanampwita. Lakini yeye hakuonja, alipewa." Nikampa kijiko kingine. "Hospitali ni mwendo mfupi tu kutoka hapa. Inafungwa na neno moja. Kipaza sauti hicho hapo. Sema inauma, geti lifunguke."

"Nikisema, sheria yangu imekufa."

"Ndiyo."

"Na mimi?"

"Wewe utakwenda foleni."

Akageuza uso ukutani. Nikachukua bakuli langu, uji umebaki nusu. Hakuwa ameshiba, na niliona. Ndiyo maana nililichukua. Nilirudi nyumbani sijala kitu tangu asubuhi, lakini tumbo langu lilijaa. Kisasi kina shibe yake. Sitawadanganya wajukuu zangu kwamba hakina.

Shibe hiyo haikulala. Kulipokucha Semeni aliniita kwa jina la mama yake, marehemu binti yangu, akaniuliza kama nimeanua nguo. Nguo hazikuwapo. Tunu alikuwa amekaa naye, mkono kwenye mshipa wa damu, akanitikisia kichwa polepole.

Nikaenda kwa waziri nikiwa na bakuli tupu. Nikaketi.

"Leo hakuna uji?" akauliza.

"Anayenishikia mwiko hawezi kusimama."

Alinitazama. Macho yake yalikuwa madogo ndani ya ule uso uliojaa maji, kama ya Semeni. "Ndiye yule wa mbele kushoto?"

"Ndiye."

"Anaitwa nani?"

"Amekubeba miaka yote hii, mheshimiwa, humjui jina?"

"Kutoka kule juu," akasema, "mtu anaona visogo tu."

Nadhani hilo ndilo neno la kweli la kwanza nililomsikia akisema. Nilikuwa nimekwenda kumtukana. Nikaukusanya uchungu wangu wote, ukatoka kidogo tu.

"Anaitwa Semeni. Anakufa. Sema, mwanangu."

Akajiburuta, akakivuta kipaza sauti kwa vidole visivyohisi, kikaanguka. Nikamwokotea. Nikamshikia.

"Inauma," akasema.

Sauti ikatoka juu ya paa ikaenda mjini kote. Walioisikia walidhani mitambo imeharibika.

"Ni mimi, Lukumbi. Bega langu linauma. Dawa imeniumiza. Imeandikwa isitumike kwa binadamu, na mimi ni binadamu."

"Na Semeni?" nikamwambia.

Akavuta pumzi. "Na Semeni ni binadamu. Na wale wengine wanaobeba."

Kisha kutoka nyumba ya jirani nikasikia mtu akiguna, mguno mrefu uliokuwa umefungwa kwa wiki nyingi. Akajibiwa na mwingine mtaa wa pili. Inauma. Hata mimi inauma. Mji mzima ukaanza kuguna kwa raha, kama watu wanaovua viatu vinavyobana.

Mlinzi alifungua geti bila kungoja sheria ifutwe. Wabebaji ambao mabega yao bado yalifaa walikuja kwa waziri, wakakichukua kiti chake, wakatoa jokofu, wakatoa feni, wakatoa na kiti cha mshauri, na Profesa akiwa bado amekaa humo. Wakaja nacho nyumbani kwangu. Wakamlaza Semeni juu yake, wakambeba mpaka hospitali, na walikuwa wanabadilishana kila kona, pasiwe na anayeumia. Mheshimiwa alikuja nyuma, kwa miguu. Foleni ilikuwa ya wabebaji wote wa nchi. Akasimama mwisho. Nilikaa karibu na mlango ninapoweza kumwona vizuri, na nilimwona vizuri kwa muda mrefu.

*

Semeni alipasuliwa, akasafishwa. Mkono umebaki. Daktari aliniita pembeni, akaniambia kwa masikitiko kwamba mtoto huyu hataweza kubeba kiti tena maisha yake yote. Nilimshukuru kwa jinsi alivyosikitika. Sasa Semeni anapumzika, anafanya mazoezi ya Tunu polepole kwa kamba iliyofungwa mlangoni, na vifuniko vyangu vya sufuria vimenyamaza.

Serikali imejifunza mengi. Wizara ya Mabega imevunjwa. Waheshimiwa sasa wanatembea wenyewe, na kwa kuwa hawajazoea, visigino vimeanza kuwauma. Imeundwa Wizara ya Visigino. Profesa Tumbika ndiye mshauri, na nasikia ameshaagiza visanduku. Safari hii havitawekwa juani, maana wanaoumwa ni binadamu.

Lukumbi hakupewa wizara nyingine. Jipu lake lilichelewa kupasuliwa, kwa sababu ya foleni, na bado amelazwa wodini karibu na dirisha. Waheshimiwa wenzake hawapiti upande ule. Mimi napita. Nampelekea uji, naonja, nampa. Lakini kabla ya kijiko cha kwanza namtajia mbebaji mmoja kwa jina, na bega lake lilivyochanika, na nani anamfulia nguo sasa. Naye lazima alirudie jina vizuri. Akikosea, uji unapoa nikiwa nimeushika. Huwa sikasiriki. Nangoja.

Juzi alilirudia jina vizuri bila kukosea. Akala, akamaliza, nikafunga bakuli kwenye kitambaa, nikasimama. Akaushika upindo wa kanga yangu.

"Majina yamebaki mengi, mama?"

"Mengi sana, mwanangu. Wewe hujachoka kuniona?"

"Nimechoka," akasema. "Ukiingia tu bega linaanza kupwita. Lakini usipokuja wewe, siku nzima hakuna anayegusa mlango huu." Hakuuachia upindo. "Njoo tena kesho, mama. Hata uji usiulete. Niletee jina."